Hapa Hatumalizii Mtu Neno

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nikwambie jambo ambalo humu ndani halijui mtu, si mama wala baba: mimi ni bawabu. Nalinda mlango wa kundi la mtandaoni la watu wenye kigugumizi, na humo naitwa Kizingiti. Nimelisema. Sasa naweza kukusalimu.

U hali gani huko kazini? Kifua kimepona? Mama anauliza kama lile blanketi linatosha au unajikaza tu. Sisi hatujambo. Baba bado anagombana na redio kana kwamba inamsikia. Mimi na Spika, mtoto wa shangazi, tumehamia chumba kilichokuwa chako tangu apate kazi ya kukata vitambaa kwenye karakana ya ushonaji. Jina lake bado linamfaa, akicheka majirani wanajua amerudi. Na mlango wa chumba bado unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Uliahidi kuutia mafuta, ukaondoka. Ukumbuke huo mlango.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Simu siiamini tena. Siku hizi siamini vitu vingi.

Kundi letu lilianzishwa na nesi mmoja ambaye, akiwa wodini, humchukua muda kutaja jina la mgonjwa. Sheria zake ni chache. Mgeni akiingia, mabawabu tunamkaribisha kwa jina lake, na hakuna anayemuuliza lolote mpaka aseme mwenyewe. Ujumbe wa sauti unasikilizwa hadi mwisho, hata kama nusu yake ni kimya. Na iliyo kubwa kuliko zote: hapa hatumalizii mtu neno. Aliyekwama anangojewa. Wewe unajua maana yake kuliko mimi.

Basi mshonaji mmoja tunayemwita Mama Pindo alituma sauti akifanya mazoezi ya kumwambia msimamizi wake kwamba anataka kufundisha wanagenzi. Alikwama kwenye "naomba" muda mrefu, kisha akalitoa, tukampigia makofi ya maandishi. Wiki haikuisha, sauti ile ikawa inachezwa karakanani kwake, watu wanajishika mbavu. Mama Pindo akatuandikia kwamba hana ugomvi na mtu, ila anaaga. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutuma sauti. Kundi lililokuwa na kelele kama jiko la harusi likapoa, na pembeni watu wakaanza kunong'onezana: ni nani?

Bawabu mwenzangu, dereva wa lori, alishikilia kwamba ni Fundi Saa. Ushahidi wake ni kwamba fundi huyo hajawahi kutuma sauti, anaandika tu, na nukta kaziweka zote mahali pake. Mtu asiyesikika, alisema Dereva, ana anachokificha. Na mimi pia sijawahi kutuma sauti. Unajua nilifanya nini, kaka? Niliandika: hata mimi namshuku. Kisha nikailaza simu kifudifudi, kana kwamba ingenitazama.

Nesi alikataa kumtoa mtu. Alisema leo tukimfukuza mmoja kwa kumshuku, kesho tutamfuata mwingine, mpaka tubaki mabawabu tukilindana wenyewe kwa wenyewe. Badala yake akatuita wote tukutane ana kwa ana. Nilimwambia mama naenda kujisomea.

Ilikuwa kwenye ukumbi ulio juu ya duka la samani. Viti vilipangwa duara moja kubwa, na katikati, sakafuni, karatasi tupu na kalamu nene. Hakuna meza kuu, hakuna mwenyekiti, hakuna ajenda. Mzee mmoja aliuliza mgeni rasmi yuko wapi, akaambiwa ndiye yeye, akarekebisha kola. Nesi alieleza kwamba mwenye jambo aliandike, alisome, alibandike ukutani na kuchagua kona, wanaolitaka wamfuate. Na mtu akiona hapo alipo hapati wala hatoi kitu, miguu yake imchukue kona nyingine bila kuomba radhi. Kisha akaketi, akanyamaza. Nilidhani mkutano umeshakufa. Kumbe watu wale kimya wanakijua, hakiwatishi. Mmoja akainuka, akafuata mwingine, ukuta ukajaa.

Dereva yeye aliandika: Nani aliitoa sauti ya Mama Pindo? Karibu nusu ya ukumbi ilimfuata kwenye kona ya dirishani, nami nikajipenyeza nyuma. Fundi Saa, mwanamume mwembamba mwenye kucha safi, akaja mwenyewe, akaketi mbele kabisa. Dereva alimuuliza, akikwamakwama na yeye, kama ana la kusema. Fundi Saa akafungua mdomo ikatoka "m", na "m" nyingine, akabaki hapo hapo, mishipa ya shingo imemsimama, macho kayafumba. Hakuna aliyetikisika. Wote walimngoja, hata Dereva. Ni mimi niliyeshindwa. Nilitaka yaishe. Nikammalizia neno, laini kama maji ya bomba: mke wangu.

Kona nzima iligeuka. Fundi Saa alifumbua macho, akatikisa kichwa, akaanza upya mpaka alipofika: mimi sijui. Ndicho alichotaka kusema, maneno mawili tu. Nami nikaharakisha kumuomba radhi kwa sentensi ndefu isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na kila neno lilizidi kunivua nguo.

Dereva akaniuliza polepole: kumbe Kizingiti, wewe ulifunguliwa mlango na nani? Mtu akacheka kwa pua. Nesi akasema waniache, nitangojewa kama mwingine yeyote, kisha akaniuliza kama kuna ninalolijua. Wakanyamaza wote wakiningoja, kwa ule upole wao, na mimi nisiye na kigugumizi ndiye niliyekosa neno. Miguu ikanichukua mpaka barabarani.

Sasa ndilo lenyewe, kaka. Najua sauti ilitokea wapi. Dereva alitutumia mabawabu ile nakala iliyokuwa inazunguka, ili tuichunguze. Mwishoni, Mama Pindo akishalitoa neno lake, kuna mlango unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Siku Mama Pindo alipoituma kundini, niliisikiliza kitandani kwa sauti kubwa nikidhani niko peke yangu, kumbe Spika alikuwa mlangoni na simu yake. Niliutambua mlango wetu mara tu nilipoisikia ile nakala, na bado nikaandika kwamba namshuku Fundi Saa. Spika sijamuuliza. Akiniuliza mbona siku hizi simu siiachi hata nikienda kuoga, namwambia nangoja matokeo ya mtihani. Labda alitaka kuwachekesha wenzake wa karakana tu, ndiyo hiyo hiyo ya Mama Pindo. Labda anajua kwamba najua.

Na kundini humo niliingia kwa ajili yako. Shuleni nasema lugha moja, nyumbani nyingine, na katika zote mbili nimekuwa nikikumalizia maneno tangu nijue kusema: mezani, dukani, mbele ya marafiki zako. Nilijiona nakusaidia. Ulipoondoka ukaacha kupiga simu, ukawa unaandika tu, ndipo nikatafuta mahali pa kujifunza kungoja. Hawakuniuliza lolote, ndiyo sheria yao. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa uongo.

Jana Fundi Saa aliniandikia. Hakunitukana. Alisema kwenye duara lijalo ananiwekea kiti karibu yake. Kesho natuma sauti yangu ya kwanza, niseme ule mlango ni wetu. Wakinitoa, nitakuwa nimetolewa mimi, si yeye. Ila nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Mama na baba wanakusalimu sana. Spika naye alisema siku nikikuandikia nisimsahau. Nimeifikisha salamu yake, sikuificha. Wasalimie wenzako hapo kazini, na lile blanketi ujifunike.

Ni mimi mdogo wako,
Kobe.

Nilikuwa nimeshamaliza, lakini nasikia ndala za Spika kwenye ngazi. Naisukuma karatasi chini ya godoro. Nakupigia Jumapili, kaka, upokee. Ukikwama usihangaike, chukua muda wako wote, mimi nita