Wimbo wa Mawese Bwenini

Gitega, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Amahoro. Kabla ya yote niambie, mgongo wako umepoa? Na ziwa linawapa ndagala wiki hizi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa baridi ya huku milimani huniamsha kabla ya kengele.

Kifurushi chako kimefika. Ile kadi ya memori uliifunga katikati ya ndagala, na chupa ya mawese ikavuja juu yake. Niliifuta kwa kanga huku nikiomba dua. Nilikuandikia kwamba nimeshindwa na shule, kaka Saidi aje anichukue, nawe hukunijibu hata neno. Nilijua jibu limo humo.

Hapa simu zinakaa kwa mlezi wa bweni, wenyewe wanapewa Jumamosi tu. Siku hiyo kila msichana hujilaza na ekuteri masikioni, akitikisa kichwa peke yake. Nyumbani tuna redio moja, na Babu akibadilisha stesheni ua mzima unalalamika. Hapa halalamiki mtu, kwa sababu hakuna anayesikia wimbo wa mwenzake. Mimi, nisiye na simu, nilikuwa nakaa katikati yao na kitabu changu. Kuazima niliona haya.

Jana nilijikaza nikamwendea Speransi, jirani yangu wa kitanda. Akainusa kadi.

"Hii memori iko na samaki. Simu yangu itaanza kuogelea."

Akaitia hivyo hivyo. Ekuteri zake zimekatika waya, kwa hiyo bweni zima likakusikia ukisema:

"Saidi, zima hiyo spika. Namurekodia dada yako."

"Mama, siku hizi watu wanasukuma mashine kwa muziki wa spika."

"Basi leo watasukuma kwa midomo yao."

Kisha mashine ya kukamulia mawese ikalia, ukaanzisha wimbo, Shangazi na wenzake wakaitikia, kama zamani kabla Saidi hajanunua ile spika.

Niliinamisha uso, nikingoja kuchekwa. Nilipoinua macho, wasichana walikuwa wanatoa ekuteri masikioni.

"Rudisha nyuma," Speransi akasema. "Wanaitikia nini pale?"

Ikabidi niwafundishe, mimi ninayeogopa hata kusoma kwa sauti darasani. Mchana tulifua mablanketi. Blanketi likilowa hukamuliwa na watu wawili, kila mmoja akinyonga upande wake. Tuliyakamua yote kwa wimbo wako, na mwanzishaji nilikuwa mimi.

Nakushukuru, Mama, hata kwa mawese yaliyovuja. Mwambie Saidi asije. Nitakuja likizo ikifika, wakati wenzangu wote wanaporudi kwao.

Nisalimie Babu na redio yake, Shangazi na wote wa mashineni, na huyo kaka yangu mwenye spika. Kadi nairudisha pamoja na barua hii. Tumejirekodi humo, na kila baada ya mstari tumenyamaza kidogo. Iwekeni kwenye spika ya Saidi pale mashineni, mtuitikie.

Mwanao,
Riziki