Mashine Inayosikiliza Bahari

Koekelberg, tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Yaya Dan,

Jambo sana, kaka yangu. Habari ya afya, na habari ya jua la huko kusini mwa Ufaransa? Sisi tuko wazima, ila Maman bado analalamikia goti, na mvua ya Brussels haina huruma.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unajua ninavyokwama maneno. Maman ameamua: Jumapili tarehe 26 familia itatoa shukrani kanisani, kwa vile umepata kazi ya kudumu. Ameshanunua vikwembe, vile vitenge vya sherehe, sote rangi moja. Hata shati lako linashonwa. Na ushuhuda wa kazi yako nitausoma mimi! Mimi, ambaye darasani hata kuomba dirisha lifungwe siwezi. Donc nisaidie: unatengeneza nini hasa? Maman anasema tu "mashine ya bahari", halafu anabadilisha habari kwa sababu hajui zaidi.

Mdogo wako,
Graciella

Tarehe 9 mwezi wa kumi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwambie Maman apake ile dawa ya goti, asiiweke kabatini kama pambo.

Bon, andika hivi: ni mashine ndefu kama gari la mizigo, nyembamba kama bomba, inayoogelea yenyewe chini ya maji. Betri yake huamka maji ya chumvi yanapoingia ndani. Nyuma yake inavuta uzi wa kioo, unaopitisha maagizo ya walioituma. Kazi yangu ni masikio yake: naifundisha kutofautisha injini ya meli na mawimbi, au nyangumi. Mengine siruhusiwi kusema. Hayo yanatosha.

Yaya wako,
Dan

Tarehe 15 mwezi wa kumi

Yaya Dan,

Jambo yaya. Natumaini umeamka vizuri. Hapa wote wazima.

Nilipokuwa naandika ushuhuda, nilitaka kuongeza jinsi mashine inavyorudi. Nikasoma barua yako tena: umeeleza inavyokwenda, kurudi hakuna. Nikaenda maktaba. Yaya, ni torpedo? Ile ambayo nyambizi huifyatua ili kuzamisha meli?

Nilikifunika kitabu kwa mkono, kama mwizi. Papa tulimzika kule Sake, Kivu, kwa sababu ya bombu. Maman anajua unachofanya? Tafadhali niambie nimekosea.

Mdogo wako,
Graciella

Tarehe 21 mwezi wa kumi

Mdogo wangu,

Natumaini masomo yanaendelea. Nimechelewa kujibu. Hujakosea.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno: kwamba ni ya kulinda, kwamba silaha isiyotumika ndiyo iliyofanya kazi yake. Tunaambiana hivyo wakati wa kahawa, na labda ni kweli. Lakini mwezi uliopita tuliijaribu baharini, bila baruti. Ilisikia, ikageuka yenyewe, ikapita chini kabisa ya meli ya majaribio. Tulipiga makofi. Mwenzetu mgeni kazini akauliza kwa nini ipite chini, isigonge ubavu. Mimi ndiye niliyemjibu, tena kwa furaha: "Ikilipuka chini, meli inavunjika mgongo." Halafu nikasikia sauti yangu.

Maman asijue kabla ya Jumapili. Soma nilivyoandika, hakuna neno la uongo ndani yake. Nitakuja.

Yaya wako,
Dan

Tarehe 27 mwezi wa kumi

Yaya,

Uko mzima? Hukuja. Maman alimwambia kila aliyeuliza kwamba treni za Ufaransa zimegoma, bila kujua kama ni kweli.

Nilisoma. Sikukwama hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Watu walipiga vigelegele, Maman akacheza licha ya goti lake. Pasteur akasema, "Mtoto wa Kivu anaisikiliza bahari ya wazungu, na wazungu wanamlipa!" Kanisa zima likacheka.

Baada ya ibada Maman Euphrasie wa Laeken alinivuta pembeni. Unajua mtoto wake Tharcisse alipotea na ile boti ya mpira, akivuka kutoka Libya. Akaniuliza polepole, "Mashine ya yaya yako, kama inasikia mpaka chini kule, inaweza kuwatafuta waliolala chini? Sisemi anirudishie. Nataka tu kujua ni wapi."

Nilisema, "Nitamwuliza, maman." Ndiyo, nilisema hivyo. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanibariki.

Hakukuwa na neno la uongo, yaya, na tazama tulichomfanyia. Ameshapiga simu nyumbani mara mbili. Ikilia, najificha chooni. Jibu lake siwezi kulibeba mimi.

Mdogo wako,
Graciella

Tarehe 31 mwezi wa kumi

Graciella,

Leo nakuandikia kwa simu, na salamu zimenishinda. Treni hazikugoma. Jumapili ile nilifika mpaka gare ya Midi, kituo cha treni hapo Brussels, nikakaa kwenye benchi hadi nilipojua ibada imekwisha, kisha nikarudi kusini.

Sasa nimo kwenye treni tena. Nitashuka Midi, nichukue metro mpaka Laeken, kwa Maman Euphrasie kwanza, nimpe jibu mwenyewe. Nyumbani baadaye. Sijui nitaanzia wapi. Na kazi sijaiacha, alors usinifikirie mwema kuliko nilivyo.

Tafadhali, usimwambie Maman Euphrasie kwamba nakuja. Akijua, atanipikia.

Yaya wako,
Dan