Nyuki Waliyapita Maua Yangu

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Isevya hatujambo, miti ya mitundu imechanua na nyuki wanavuma mpaka jikoni! Ati unauliza ujichubue kwa krimu kabla ya harusi? Una wazimu?

Usichanani mwangu nilipamba kanisa kwa maua mekundu ya karatasi. Rafiki yangu Kabula akaleta tawi la mtundu, vimaua vyenyewe havina hata rangi. Nikamcheka, "Umeleta kuni?" Katikati ya mahubiri nyuki wakaingia, wakayapita maua yangu yote, wakajaa kwenye tawi lake! Kabula akaninong'oneza, "Kuni zimewaka, bibie."

Mungu aliweka asali mle, mimi nikaona kuni. Mchumba wako alikupenda alipokuona ukimuuguza mama yake. Tupa hiyo krimu. Uso huo umeurithi kwangu, usiniharibie.

Bibi yako