Kiti cha Mwalimu wa Nyumbani

Jumapili, Novemba. Mvua nyembamba, na tangu alfajiri inashindwa kuamua kama iwe theluji.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kwanza: usimtumie mtu yeyote ukurasa huu. Usiusome kwa sauti kwenye treni. Ukihisi unanijua, nyamaza, na tukikutana kanisani nisalimie kama siku zote. Majina nimeyabadilisha, lakini sisi tunaoongea Kiswahili Stockholm tunajuana hata kwa kikohozi, na neno moja likifika pasipostahili nitapoteza kazi.

Naandikia kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu la Rissne. Zamu ya leo imewekwa kwa jina la Lilian, mwenye nyumba yangu, ila anayefua ni mimi. Yeye, mumewe na mapacha wao wako ibadani. Mashine zinazunguka na hakuna wa kuniuliza naandika nini. Hata hivyo, kila mlango wa juu ukigongwa nafunika simu.

Nina hasira.

Nieleze kwanza tunavyoishi. Mchana mimi ni karani katika ofisi moja huko Kista. Nikirudi nakuwa mwalimu wa mapacha, wasichana wa miaka saba. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiswidi. Nasimamia kazi zao za shule, nawaogesha, nawalaza. Kwa hayo silipwi, ila silipi chumba. Lilian ni Mkenya, mhandisi, mkarimu kwa kila anayemwona kutoka nje. Yeye ndiye aliyeniombea kazi kwa bosi wangu, ambaye wanaimba naye kwaya. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, na mwisho wa mwezi huu bosi ataamua nibaki au niende.

Jana alasiri kikundi cha kusoma cha Lilian kilikutana sebuleni. Walikuwa wamesoma riwaya ya Kiingereza ya karne ya kumi na tisa. Sitaitaja. Ni mojawapo ya zile ambamo binti msomi, asiye na baba wala mali, anaajiriwa kufundisha watoto katika nyumba kubwa. Anajua Kifaransa na piano. Anaongea kama mabibi na analipwa karibu sawa na mpishi. Hali chakula na wenye nyumba kwa kuwa ni mtumishi, wala hali na watumishi kwa kuwa ni msomi. Chakula chake kinapelekwa kwenye sinia, chumbani, akakile peke yake.

Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilihusu wanawake haohao. Niliandika habari zao kwa utulivu sana, kama mtu anayepanga mawe kwenye kabati la makumbusho.

"Wuui, mimi hapo kwa karamu nililia!" alisema Mama Kui, muuguzi, mdomo umejaa sambusa. "Anawekwa kwa kona kama mwavuli, halafu watu wanamwongelea kama hayuko!"

"Na huyo mama mwenye nyumba," Lilian akasema, "roho yake ni jiwe tupu."

Wakasikitika wote. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango, nimeshika chupa ya chai.

Ni Mama Bea, mama wa Bukavu, aliyegeuka. "Lakini huyu dada, kiti yake iko wapi?"

"Nani, Mwalimu?" Lilian akacheka. "Huyu ni wa nyumbani, hata usijali. Yeye hupenda kusimama."

Nilitabasamu.

Hilo linaniunguza leo kuliko maneno yake.

Mama Bea hakubishana. Aliinuka, akakalia mkono wa kochi, akapigapiga nafasi aliyoiacha. Nikakaa. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilikuwa nataka kusema kitu juu ya jambo ninalolijua, na sentensi ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni. Ndipo mapacha wakaanza kupigiana kelele huko chumbani.

"Mwalimu, watoto!" Lilian aliita bila kugeuza shingo.

Nikaenda. Nilipita mlango wa chumba ambamo baba yao alikuwa akitazama mpira, ukuta mmoja tu kutoka kwa watoto. Alinyanyua macho, akanionyesha chumba chao kwa kidevu, kana kwamba sikijui. Sebuleni walikuwa wanawake watano wanaohuzunikia mwanamke mmoja wa kwenye kitabu, na hakuna aliyeuliza kwa nini baba huyo asiinuke. Wala mimi sikuuliza.

Nimeliwaza hilo asubuhi yote. Katika riwaya zile, bibi wa nyumba na mwalimu wanachukiana ukurasa baada ya ukurasa. Bwana anaingia amechelewa, katoka kuwinda, na wote wanasimama. Bibi hana chake. Hata funguo zinazoning'inia kiunoni mwake ni za mali ya mumewe. Kazi ya watoto imewekwa kichwani kwake, naye anatafuta mwanamke maskini zaidi wa kumtwisha, kisha anamchukia kwa sababu mwanamke huyo ameona kwamba yeye bibi ameshindwa.

Na waandishi wanamwokoaje mwalimu? Wanamwoza kwa bwana. Au mjomba asiyejulikana anakufa na kumwachia urithi. Wakikosa la kufanya wanamuua kwa homa ya kifua. Sijakutana na hata mmoja aliyemwokoa kwa kumlipa inavyostahili na kumpa ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Chuoni jambo hili nililiita mipaka ya fikra za wakati wao, na nikapewa alama nzuri.

Upuuzi. Ulikuwa woga. Woga naujua, nalala nao.

Wageni walipoondoka nilimkuta Lilian jikoni ameegemea jokofu, amefumba macho. Wiki nzima kazini, jana yote kukaanga sambusa. Nilimhurumia, kweli. Akafumbua macho, akasogea, akanipangusa unga begani kwa upole.

"Usinifanye nionekane mbaya mbele ya watu," alisema. "Hiyo kazi ni mimi nilikuombea. Na mwezi unaisha, si unajua?"

Nikasema, "Samahani, dada."

Samahani! Ya nini? Ya kukaa?

Amechoka, najua. Lakini kuna mtu wa tatu katika nyumba hii mwenye mikono miwili, na kila siku sisi wawili tunapita mbele ya mlango wake kimya, tukinyang'anyana pumzi.

Mwenzangu wa kazini, Rehema, ana chumba kitupu kwake Fittja. Wazazi wake ni Warundi, yeye kazaliwa hukuhuku na haogopi kitu. Anasubiri jibu langu leo kabla ya saa sita mchana, maana kuna msichana mwingine anakitaka. Kodi itanibana, na kutoka Fittja hadi Kista ni kuvuka jiji zima. Nilipomwambia namwogopa Lilian, alinicheka: "Wewe dada, unaogopa mtu aliyeshindwa kulaza watoto wake mwenyewe?"

Sikucheka. Lilian anaweza kusema neno moja tu, katikati ya nyimbo mbili za kwaya, na mimi nimekwisha.

Mashine ya kwanza imesimama. Mashuka yao ni mazito, yanatoa mvuke. Nimeyatundika kwenye kabati la kukaushia, nikapangusa mikono, nikamwandikia Rehema: Nakuja Jumamosi.

Kesho asubuhi nitamwambia bosi mwenyewe kwamba nahama, kabla hajaisikia habari hiyo kwenye kwaya. Akiamua nisibaki, basi aamue akinitazama usoni. Leo jioni nitamwambia Lilian, sebuleni, mumewe akiwepo, mpira umezimwa.

Ukitaka kunipata baada ya hapo, usinitafute Rissne wala usimuulize Lilian. Usipige simu. Acha maoni hapa chini, useme tu kwamba umemaliza kitabu, nami nitakujibu kwa siri. Kisha panda treni ya njia nyekundu, shuka Fittja, unisubiri hapohapo kituoni, nitakuja mwenyewe kukuchukua. Usilete zawadi. Usiogope kwamba utanisumbua, jioni zitakuwa zangu.

Chumba kina viti viwili. Niliuliza kabla ya kukubali.