Siku Timu ya Reli Ilipofungwa Saba

Jumamosi, 4 Julai
Chumba cha magazeti, maktaba. Vumbi mpaka kwenye meno. Tulikuwa wanne leo, sote wa kujitolea, tunatafuta nani alimfunga nani miaka ya hamsini. Bwana Nukta – fundi saa mstaafu, jina tulimpa sisi kwa sababu hakuna nukta inayompita – kaja na daftari la refa wa zamani, kalikumbatia. Binti wa marehemu katuazima. Kila mechi imo: tarehe, hali ya hewa, hata saa ya kipenga cha kwanza. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatatu, 6 Julai
Nukta kapiga simu nikiwa kazini, wagonjwa wamejipanga kwenye dirisha la dawa. Akauliza kwa upole – upole wenyewe ndio ulionitisha – mbona jedwali letu lina mechi arobaini na tatu za 1956 zilizochezwa Jumanne na Ijumaa. Nani alikuwa akicheza mpira watu wakiwa kazini?

Nikajua papo hapo. Gazeti lilikuwa likitoka Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa mgeni, nikaandika tarehe ya juu ya ukurasa badala ya siku ya mechi. Safu ya mwisho, ya aliyeingiza: herufi zangu, mara arobaini na tatu!

Akanipoza. Yeye aliwahi kumuua mchezaji kwenye jedwali miaka mitatu kabla ya mechi yake ya mwisho. Nikacheka. Halafu nikamkumbuka Shangazi, kicheko kikaishia njiani.

Jumatano, 8 Julai
Niandike yote, maana kichwani hayakai.

Shangazi alinilea tangu nina miaka minne. Hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Kitambulisho kinasema Januari mosi, kama cha wenzake wengi. Alichokuwa nacho ni maneno ya mama yake: umezaliwa siku timu ya reli ilipofungwa saba, baba yako alirudi kutoka uwanjani hana sauti, akakukuta wewe unayo yote. Kwa ajili ya maneno hayo nilijiunga na watu hawa wa vumbi. Novemba mwaka jana nikaipata: Julai 17, 1956. Alinitaka nirudie mara tatu, kisha akaiandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati, chini ya namba za simu.

Daftari la refa linasema saba bila. Jumamosi, Julai 14.

Na Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 17, ndiyo sherehe yake ya miaka sabini. Gauni liko kwa fundi. Wenzake wa kikundi wamealikwa. Sherehe ya kwanza maishani mwake, na mimi nimempa siku ya gazeti.

Jumamosi, 11 Julai
Nukta kasharekebisha mechi arobaini na mbili. Moja hajaigusa. Habari za Shangazi nilishamsimulia. Kasema hiyo ni yangu, nitakapokuwa tayari, na hakuniangalia, alikuwa akifuta miwani.

Nikiiacha, nani atajua? Mechi moja kati ya maelfu, imepotea siku tatu tu. Lakini Shangazi ndiye aliyenirudisha dukani kwa miguu, nina miaka saba, nikaombe radhi kwa peremende moja niliyoiba. Nampenda mno. Naogopa kumwona sura ikimshuka.

Jumanne, 14 Julai
Niliomba ruhusa kazini. Nimemkuta anapiga pasi gauni. Akasema mbona mapema, sherehe ni Ijumaa. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kuvuta pumzi.

Akachomoa pasi. Akakaa.

"Jumamosi?"

"Jumamosi, Shangazi."

Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani nimemuumiza. Kumbe Novemba ileile alimwomba mwenye duka amtazamie kwenye simu Julai 17 ile ilikuwa siku gani. Jumanne. Na baba yake Jumanne alikuwa karakana mpaka jioni, kazi hakukosa hata siku moja. Miezi yote hii alikuwa akiamini mama yake alimtungia tu, asijione mtoto asiye na siku. Hakuniambia, asije akanivunja moyo.

"Kumbe alikwenda kweli," anarudia. "Kumbe alirudi hana sauti kweli."

Kisha akauliza refa kaandika mpira ulianza saa ngapi. Saa kumi na robo. Akatazama saa ya ukutani: saa kumi kasoro dakika tano.

"Basi bado sijazaliwa," akasema. "Bandika chai."

Nimebandika. Naandika hapa mezani kwake. Kavuta kiti mbele ya kabati, mlango wazi, penseli mkononi. Bado dakika kumi na mbili. Anauliza kama siku hiyo mvua ilinyesha. Natafuta picha ya ule ukurasa wa refa kwenye simu –