Tiki Moja ya Kijivu

Alhamisi. Rasharasha tangu alfajiri, ile mvua isiyonyesha ikaisha wala haikatiki. Moyo wangu nao ni hivyo hivyo.

Leo nimeamka nikiwa nimeshaamua kuacha.

Nieleze kidogo, kwa wewe uliyepotea njia ukaangukia kwenye blogu hii. Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni naandika kitu kifupi kwa Kiswahili. Nawasha sigiri nje ya mlango, nabandika birika, na makaa yanaposhika mimi naandika kwenye simu. Maji yakichemka naacha, hata kama sentensi imebaki na mguu mmoja. Kisha najirekodi nikisoma, namtumia baba sauti Bukavu, na maandishi nayaweka hapa. Wenzangu hudhani nina nidhamu ya ajabu, kuandika kila siku na masomo yote haya. Nidhamu gani? Nina birika dogo tu.

Aliyeyaanzisha haya ni baba mwenyewe. Vita vilipokaribia, mama na mimi tulikuja Kampala, yeye akabaki kulinda nyumba, maana kwetu nyumba ukiiacha tupu unarudi kukuta ina mwenyewe mwingine. Macho yake hayasomi vizuri siku hizi, kwa hiyo alitaka sauti. Tulipoagana alinishika bega akasema, "Kila siku kidogo. Usingojee habari kubwa, hizo redio itaniambia. Weye niambie mulikula nini."

Basi nikamwambia tulikula nini. Nikaandika kuhusu sombe tuliyoizungukia soko zima, kwa kuwa watu wa hapa majani ya muhogo wanayaacha shambani kama si chakula. Nikaandika kwamba nikisema naishi Luzira, wanafunzi wenzangu wanauliza nimefungwa miaka mingapi, kwa ajili ya lile gereza. Nikaandika kwamba wananiita Afande, kwa sababu Kiswahili wao walikisikia kwanza kwa askari, na mtu akikiongea kwa raha zake wanahisi anataka kuwakamata. Hiyo ilimchekesha baba mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo majibu yake yote yakawa yanaanza, "Afande wangu, mulikula nini?"

Halafu mtandao wa kule ukakatika.

Ujumbe ukabaki na tiki moja ya kijivu. Umetoka kwangu, haujafika kwake. Kesho yake, tiki moja. Na kesho yake tena. Mtu wa mtaa wetu aliyevuka mpaka alituambia alimwona baba, mzima, anafagia kibaraza. Hiyo ndiyo habari ya mwisho tuliyo nayo. Mimi nikaendelea kuandika. Haba na haba hujaza kibaba, si ndivyo wanavyosema? Kibaba changu kimetoboka. Namwaga tu.

Nina hamu na baba. Nina hamu na kile kikohozi chake kabla hajaanza kujibu, na lile "aka!" lake la kushangaa mambo ambayo hayashangazi. Chuoni kazi zangu zote naziandika kwa Kiingereza, na zinapata alama nzuri, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza nimekula nini. Jana rafiki yangu Nalubega aliniambia, "Sasa Afande, kama hasikii, si upumzike? Utaandika akipatikana." Nikaona ana akili, nikamkasirikia kwa sababu ana akili.

Kwa hiyo asubuhi hii nimewasha sigiri, nikabandika birika, nikakaa mikono mitupu naangalia mvua.

Tunakaa kwenye muzigo, ndivyo wanavyokiita hapa chumba kimoja cha kupanga. Pazia katikati: mimi upande wa mlango, mama upande wa ndani. Saa hizo mama huwa bado amelala, au ndivyo nilivyodhani siku zote. Anauza vitenge, anazunguka navyo kwenye ofisi za Ntinda mpaka miguu inavimba. Na tangu tufike Kampala hajamtaja baba. Hata mara moja, jamani. Nikimtaja mimi, anaanza kukunja vitenge ambavyo vimeshakunjwa. Nikajiwekea moyoni kwamba amemkasirikia kwa kuchagua nyumba akatuacha sisi, na jambo la watu wawili wazima mtoto halichokonoi.

Maji yakachemka. Nikamimina chai. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, si sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Na leo? Hausemi na baba yako?"

Nikaweka kikombe chini.

Kumbe! Kumbe asubuhi zote hizi yuko macho, amelala kimya gizani anasikiliza nikimsomea mumewe. Anayajua yote, ya sombe, ya gereza, ya Afande. Ameniambia hata ile habari ya mbuzi wa jirani niliiharibu, yule mbuzi alikuwa jike na mimi nimemtangaza dume mpaka Bukavu.

Nimemwambia ukweli. Kwamba hazifiki, mama. Kwamba nimechoka kusema na ukuta. Kwamba nimeacha.

Hakunigombeza. Ametoka amejifunga kitenge, amekaa kwenye kigoda karibu na makaa, amenyoosha mkono anataka simu. Nimembonyezea pa kurekodi. Ameisogeza mdomoni, akaishusha, akaisogeza tena. Halafu akasema, polepole, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa nyumbani:

"Baba Riziki. Najua unalala ku upande yangu. Rudia ku yako. Ku yangu mvua inaingiaka."

Basi.

Nimelia palepale, chai ikapoa. Mimi nimeandika vifupi vingi, nimejisifu navyo hapa bloguni, lakini kifupi namna hiyo sijawahi kukiandika. Na hasira niliyomvika mama miezi yote hii, wapi! Haikuwa hasira. Mwanamke wa watu alikuwa anaogopa kufungua mdomo.

Ujumbe umetoka. Tiki moja.

Mama amenipa simu nimwonyeshe. Ameuliza, "Zikiwa mbili, ndiyo imefika kwake?" Nimemwambia ndiyo. Ameuliza tena, kama mtu anayehofia kudanganywa bei, na mimi nikamwambia tena ndiyo.

Siachi. Kesho makaa yakishika nitaandika, na tumekubaliana sentensi ya mwisho itakuwa ya mama. Amesema kuna jambo la kufuli la nyuma anataka kumkumbusha baba, na mengine hayanihusu.

Lakini nilipotaka kuondoka kwenda chuoni, simu hakunirudishia. Ndiyo maana leo naandika haya kwenye kompyuta ya maktaba. Simu yangu iko Ntinda, imefungwa kwenye kitenge kiunoni mwa mama, na najua kila anapotua mzigo anaifungua kutazama.