Nauli ya Nusu, Basi la Saa Sita, Kwihara hadi Tabora

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA UMOJA WA BASI LA KWIHARA, KILICHOFANYIKA DARASANI, SHULE YA MISHENI, TAREHE 12 JUNI 1954, SAA TISA ALASIRI

Waliohudhuria:
Bw. Eustace Luhende, Mwenyekiti
Bi. Bertila Tobias, Mjumbe
Bw. Twalibu Selemani, Kondakta
Raymundi Anselm, Katibu (mwanafunzi)

Asiyehudhuria: Dereva. Alikuwa chini ya gari.

KUMB. NA. 1/6/54: KUFUNGUA
Mwenyekiti alisali kwa ufupi na kuomba kikao kisiwe kirefu.

KUMB. NA. 2/6/54: BASI LA SAA SITA
Mwenyekiti alieleza kwamba nauli ya mchana ilipunguzwa kuwa nusu ili watu wasibanane asubuhi. Mwanzoni basi lilijaa. Sasa linakwenda tupu, na asubuhi abiria wananing'inia mlangoni kama zamani. Alipendekeza safari ya mchana ifutwe, kwa kuwa watu hawajui kinachowafaa.

Bi. Bertila alisema watu wanajua. Abiria wa mchana walianza kushuka Isevya, kabla ya kufika mjini, na kumalizia kwa miguu ili wasifike stendi, kisha wakaacha kupanda kabisa. Sababu ni kondakta, ambaye kila basi likifika hupaza sauti mbele ya watu: "Nusu nauli, nusu watu, shukeni!"

Kondakta alijibu kwamba Mwenyekiti ndiye aliyemwamuru kuitangaza nauli. Alikiri kwamba "nusu watu" aliongeza mwenyewe kwa utani, na kwamba Mwenyekiti aliposikia alicheka. Mwenyekiti alisema hakumbuki.

Bi. Bertila alisema: "Siku uliyocheka, mwanangu, mama yako alikuwa kiti cha nyuma. Alijifunika kanga usoni mpaka ukaondoka. Tangu hapo anakwenda hospitali kwa miguu kufungwa kidonda, na kidonda kiko mguuni."

Mwenyekiti aliuliza kama hayo lazima yaandikwe. Katibu alijibu kwamba ameshayaandika.

KUMB. NA. 3/6/54: MAAZIMIO
Safari ya mchana iendelee kwa nauli ya nusu. Kondakta asitangaze lolote stendi. Kondakta aliomba radhi.

Mwenyekiti alisema Jumatatu atapanda basi hilo pamoja na mama yake. Bi. Bertila alisema mama ameapa kutolipanda tena, hivyo Mwenyekiti kwanza atembee naye kwa miguu hadi hospitali. Mwenyekiti alikubali.

KUMB. NA. 4/6/54: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa kumi na robo. Mwenyekiti alisomewa yote, na hakutaka neno lolote lifutwe.

E. Luhende, Mwenyekiti
R. Anselm, Katibu